Marcelo Mboje Luhaga, Fundi Aliyeiondolea Ngozi Uvundo

Kabla ya kueleza alizaliwa lini, inafaa ielezwe kwanza jinsi ambavyo hakufa. Marehemu Marcelo Mboje Luhaga hakuuawa na dawa za ngozi. Wala hakuchukuliwa na ng'ombe wa Mzee Mahona waliokuja kumdai, kama ilivyosemwa kisimani, mnadani na, kwa masikitiko, hata kwenye jamvi la msiba huu juzi jioni. Ng'ombe wale tisa walikufa mwezi wa Septemba 1997. Marehemu hakuwaua, na dawa yake haikuwaua. Kilichowaua kitasemwa hapa mbele ya jeneza lake, mara moja tu, kwa ridhaa ya wote wanaohusika. Wasifu huu umeandikwa na mkewe, Mwalimu Wilhelmina, na unasomwa na mdogo wake marehemu, Bwana Selestini Mboje, ambaye ameombwa asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Ngulyati, enzi hizo kikiwa bado Wilaya ya Maswa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mboje Luhaga na Mama Milembe. Ilikuwa nyumba ya pamba na ng'ombe, na watoto walilala juu ya ngozi kavu iliyokuwa ngumu kama ubao. Alipokuwa na miaka tisa alichoka kuamka na michirizi mgongoni. Akaichukua ngozi ya kulalia, akailoweka katika mtungi mkubwa wenye majivu ya jikoni, akaifunika kwa ungo. Siku ya tano nyumba nzima ilinuka, na ngozi ilipotolewa manyoya yote yalibaki mtungini. Mzee Mboje aliigeuzageuza, kisha akauliza, "Nani amemnyoa ng'ombe wangu aliyekwisha kufa?" Watoto wote walimwonyesha Marcelo kwa kidole. Mzee hakumchapa. Alimpa ngozi nyingine akamwambia, "Haya, ngosha, na hii umnyoe. Lakini huko porini, si nyumbani kwa mama yako."

Alibatizwa mwaka 1963. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ngulyati hadi mwaka 1967, kisha sekondari mjini Mwanza kuanzia mwaka 1968 hadi 1971. Hakuwa wa kwanza darasani na hakupenda watu waseme alikuwa. Hesabu alizipata kwa jasho. Kilichomjia bila shida ni kazi ya mikono na vitu vinavyogeuka kuwa vitu vingine. Mwaka 1973 serikali ilimpeleka kusomea utengenezaji wa ngozi, akahitimu stashahada mwezi wa Novemba 1975.

Januari 1976 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha umma cha ngozi kule Mwanza, akafanya kazi hapo miaka kumi na saba. Alipangiwa idara ambayo wengine waliikimbia, ya kuondoa manyoya. Kwa wasioijua kazi hiyo, ngozi mbichi huzungushwa katika pipa kubwa la mbao pamoja na chokaa na kemikali iitwayo salfaidi. Salfaidi huyayeyusha manyoya yakawa uji mweusi, na uji huo hutoka kwa mtaro ukinuka mayai viza. Ukikutana na tindikali njiani, hutoa hewa inayoweza kumwangusha mtu kabla hajaita jina la mwenzake. Mwaka 1988 marehemu alimvuta mwenzake kutoka katika mtaro wa namna hiyo, wote wawili wakapona. Tangu siku ile alikuwa akisema kwamba salfaidi ni mbwa mkali: analinda nyumba vizuri, lakini hamjui mwenye nyumba.

Ni katika kiwanda hicho alipokutana na mkewe. Wilhelmina Kwandu, binti wa karani wa pamba wa Kasoli, alikuwa mwanachuo wa ualimu wa kemia, na mwaka 1979 wanachuo walipelekwa kukitembelea. Wenzake walijiziba pua kwa vitambaa. Yeye aliuliza ile harufu ni ya nini.

"Ni hewa ya mayai viza, mwalimu," Marcelo alimjibu.

"Inaitwa haidrojeni salfaidi," Wilhelmina alimsahihisha.

"Hiyo ni huko darasani. Huku inaitwa mshahara."

Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Desemba 1980 hapa Bariadi. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa yao hawakuwahi kuitana kwa jina mbele za watu. Yeye alimwita mkewe Mwalimu, naye mkewe alimwita Fundi. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kisha likaja soko huria. Wengi waliopo hapa wanakumbuka namna lilivyokuja: wanunuzi wa pamba wakawa wengi, maduka yakajaa viatu vya mtumba na yeboyebo za plastiki, na viwanda vya umma vikapangwa mstari kusubiri wanunuzi. Kiwanda cha marehemu kiliuzwa. Mnunuzi aliona ni nafuu kupakia ngozi mbichi kwenye malori na kuzisafirisha nje kuliko kuzitengeneza, na mwezi wa Juni 1993 marehemu alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wote. Alirudi Bariadi na kiinua mgongo chake na mapipa matatu ya mbao aliyoyanunua kwenye mnada wa mali za kiwanda. Ndugu walimcheka. Walitegemea arudi na Land Rover. Alisema hataki kuishi katika nchi inayouza ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe halafu inanunua kiatu kilichokwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Kiwanda chake kidogo kilianza kazi Machi 1994 pembeni mwa mji, chini kidogo ya mteremko. Kilikuwa na wafanyakazi saba na, ni lazima ikubaliwe, kilinuka. Kilinuka hadi kanisani. Mkewe alifua mashati yake mara tatu kwa wiki na bado akina mama wa jumuiya walikuwa wakisogeza mikeka yao. Marehemu aliona aibu kwa ajili ya mkewe kuliko kwa ajili yake mwenyewe, na hapo ndipo shughuli yake ya kweli ilipoanzia.

Februari 1996 alihudhuria semina ya watengeneza ngozi jijini Dar es Salaam, akarudi na kopo la unga wa rangi ya maziwa. Ulikuwa ni vimeng'enya. Badala ya kuuyeyusha unywele, vimeng'enya huliachisha shina lake na ngozi, na unywele hutoka mzima kama unavyong'oa nyasi baada ya mvua. Majirani walipomuuliza Mwalimu ni uchawi gani huo, aliwaambia ni jambo wanalolifanya wenyewe wanapoisugua nyama ngumu kwa papai bichi kabla ya kuipika. Ikasemwa mji mzima kwamba Fundi sasa anapika ngozi kwa papai.

Haikwenda vizuri mara ya kwanza. Vimeng'enya havina subira na havijui Jumapili. Marehemu aliacha ngozi arobaini katika pipa akaenda misa, na misa ile ilikuwa na kipaimara, na baada ya kipaimara kulikuwa na pilau. Aliporudi saa tisa alasiri vimeng'enya vilikuwa vimemaliza manyoya na kuanza kuila ngozi yenyewe. Alizamisha mkono, akatoa kitu kinachoteleza kama ugali usioiva. Aliwageukia wafanyakazi akasema, "Wanangu, leo tumepika supu. Leteni bakuli." Kuanzia hapo Mwalimu alikuwa anakuja na kipimajoto na saa kila jioni baada ya vipindi, na kwa pamoja walitafuta joto na muda unaofaa maji ya Bariadi, wakiandika kila jaribio katika daftari la shule. Jaribio la ishirini na sita, mwezi wa Oktoba 1996, lilitoa ngozi safi, laini, yenye uso mzima. Salfaidi ilifungiwa stoo na haikutoka tena. Kwa kulainishia ngozi, au tuseme kuiivisha isioze, alitumia magome ya mgunga. Manyoya yalichujwa kwa vikapu yakazikwa shambani kama mbolea. Maji yaliyotoka yalipita katika mabwawa matatu ya changarawe kabla ya kuachiwa kwenye dimbwi la chini. Akina mama wa jumuiya walirudisha mikeka mahali pake.

Sasa lisemwe la ng'ombe.

Mwaka 1997 mvua zilikataa na lambo la kunyweshea mifugo likakauka hadi nyufa zake zikameza mguu wa mbuzi. Wakati huo ngozi kutoka machinjioni zilifika kiwandani zikiwa zimepakwa chumvi zisioze. Kabla ya kulowekwa zilikung'utwa, na chumvi ile ikarundikwa ndani ya ukuta. Marehemu alikuwa ameagiza isitoke nje hata kiganja. Siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba, alikuwa safarini Maswa kutafuta magome. Mkewe alikuwa kiwandani akisoma kipimajoto. Akaja jirani yake Minza, mke wa Mzee Mahona.

"Mwadila, Mwalimu," alisalimu akiwa mlangoni.

"Mwadila duhu, mayu. Karibu ndani."

"Siingii. Nimeona mna kilima cha chumvi humo, na ng'ombe wetu wanalamba kuta za nyumba. Hamwogopi Mungu?"

"Ni chumvi chafu hiyo, Minza. Imekaa kwenye ngozi."

"Ng'ombe analamba jasho la mwenzake akiwa hai. Atakataa la mwenzake aliyekufa?"

Walicheka wote wawili. Mwalimu aliifikiria chumvi ile. Haikuwa imegusana na dawa yoyote. Ilikuwa chumvi kama ya mezani, na yeye alikuwa na shahada ya kemia na miaka kumi na sita ya kuifundisha. Kwa mikono yake mwenyewe alimpimia Minza magunia mawili. Minza, akijua mumewe hapendi kusikia kwamba ameomba kwa watu, alimwambia ameipata mnadani.

Ng'ombe walilamba siku mbili. Hakuna aliyekumbuka kwamba lambo halina maji. Alhamisi, wakiwa na kiu ya kufa, walipelekwa kwenye dimbwi lililo chini ya kiwanda, wakanywa hadi matumbo yakaumuka. Kabla ya jua kutua walikuwa wakiyumba, wakigonga miti kama vipofu, wakianguka na kupiga mateke hewani. Tisa walikufa. Mji mzima ulishuhudia: wamekunywa maji ya Fundi, wameanguka.

Bwana mifugo, Kristofa, aliwapasua wawili, akachukua vipimo, akasema waziwazi kwamba ni chumvi nyingi iliyolambwa bila maji, na maji mengi yaliyofuata ghafla. Walimcheka. Msukuma gani ataambiwa kwamba chumvi inaua ng'ombe? Wazazi wao na mababu zao walitembea siku nzima kuwapeleka mifugo kwenye magadi.

Jumapili ulifanyika mkutano wa kitongoji, na Mzee Mahona alisimama.

"Mboje," alisema, "dawa yako ya zamani ilinuka, tukaikimbia, na ng'ombe akaikimbia. Hakufa hata kuku. Umeleta hii isiyonuka. Ng'ombe atajuaje?"

Watu walisema kweli, kweli. Mmoja akapiga kelele nyuma, "Arudishe uvundo wetu!" Wakacheka, lakini si kicheko cha heri. Hilo ndilo lililomuuma marehemu kuliko yote. Alikuwa amehangaika miezi minane aondoe sumu, na sasa usafi wenyewe ndio ulioitwa sumu. Aliulizwa kama ana la kusema. Alisema, "Ng'ombe wameanguka mlangoni pangu. Sitawaambia wameanguka kwa mwingine." Wakaamua atengwe hadi mavuno: asisalimiwe, asigaiwe moto, asisaidiwe shambani.

Alipokuwa Maswa hakuwa na habari ya yale magunia. Mkewe alimweleza yote siku ile ile ng'ombe walipoanguka, na baada ya mkutano alivaa viatu ili aende akaseme hadharani. Marehemu alisimama mlangoni.

"Ukisema umetoa wewe, watakuuliza aliyepokea ni nani," alimwambia. "Mahona ana hasira ya ng'ombe tisa. Minza atapigwa leo na kurudishwa kwao kesho. Mimi ni mtu wa ngozi, Mwalimu. Wamezoea kusogeza mikeka."

"Na jina lako?"

"Jina langu ni gumu. Limekwisha lowekwa."

Mkewe alivua viatu. Marehemu alimwomba asiseme hadi Minza mwenyewe atakapokuwa tayari, na ombi hilo lilitimizwa miaka saba na miezi saba. Haikuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kusahihisha makosa kwa wino mwekundu.

Kutengwa kulikoma baada ya mavuno ya mwaka 1998, lakini Mzee Mahona hakumsalimu tena. Marehemu aliendelea na kazi. Aliifungia chumvi katika shimo la saruji lenye mfuniko, kisha akaachana nayo kabisa kwa ngozi za karibu: alizifuata machinjioni alfajiri zikiwa bado na joto, na kufikia saa mbili zilikuwa ndani ya maji. Alifundisha vijana kumi na wanne, ambao sita wana karakana zao, hadi kando ya Mto Simiyu kule Magu. Washona viatu wa Bariadi walioshona katambuga za tairi leo wanashona viatu vya ngozi ya Bariadi. Daftari la majaribio lilinakiliwa bure na yeyote aliyekuja na kalamu.

Mwezi wa Machi 2004 alianza kupungua uzito. Hospitalini Mwanza iligundulika kuwa ni saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa imekwisha kwenda mbali. Mkewe alimuuliza daktari, mara mbili, kama ni kazi yake iliyomletea. Daktari alijibu mara mbili kwamba hakuona sababu ya kusema hivyo, na kwamba huipata pia kwa makarani na mapadri. Alifanyiwa upasuaji Mei 2004, akapata nafuu, akarudi kwenye mapipa hadi Krismasi. Baada ya hapo alikuwa mtu wa kitandani.

Jumatano, tarehe 20 Aprili mwaka huu, saa nane mchana, Minza alifika nyumbani. Nyuma yake alikuwa Mzee Mahona, kofia mkononi. Minza alikuwa amesikia kisimani kwamba ng'ombe wamekuja kumchukua Fundi. Alirudi nyumbani na ndoo tupu, akamwambia mumewe kila kitu.

"Mwadila, Mboje," Mzee Mahona alisema.

"Mwadila duhu, Mahona. Kaa. Umekonda, unaumwa?"

Mzee Mahona, ambaye uzito wake sote tunaujua, alikaa. Aliiweka kofia gotini. "Miaka saba nimekunyima salamu kwa ajili ya chumvi niliyowalisha ng'ombe mwenyewe."

"Salamu ulininyima. Ngozi hukuninyima."

"Ngozi gani?"

"Ulizokuwa unamtuma shemeji yako azilete. Alama yako ya moto naijua, Mahona. Kila mwaka umekuwa ukipita mikononi mwangu."

Mzee Mahona alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, waliokuwepo hawakubaliani. Kisha alimgeukia Mwalimu na kumwomba radhi, na Mwalimu akamwambia anayestahili kuombwa radhi ni yeye Mahona, kwani chumvi ilitoka mikononi mwa Mwalimu mwenyewe. Minza akasema basi waombane radhi wote, na chai iletwe. Ikaletwa. Marehemu, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amelala bila kugutuka, alilala alasiri ile hadi magharibi, uso umelegea kama wa mtoto. Jumapili iliyofuata Mzee Mahona alisimama mbele ya kitongoji, mahali pale pale, akasema alichokosea. Wapo waliosikia na wakaendelea kusema yale ya zamani. Ndiyo maana wasifu huu umeandikwa.

Marehemu alipokea mpako wa wagonjwa tarehe 15 Mei na kufariki dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 19 Mei 2005, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Hakuwa na maumivu. Familia inalia, lakini haijaelemewa. Tulichokuwa tukiogopa, yaani aende na jina lisilo lake, hakikutokea.

Ameacha mjane, Mwalimu Wilhelmina; watoto watatu, Felisita, Salvatory na Jenifer; wajukuu wawili; mama yake mzazi, Mama Milembe; wadogo zake Selestini na Apolonia; wafanyakazi tisa; na mapipa matatu ambayo Salvatory atayazungusha tena Jumatatu ijayo. Familia inawashukuru Mzee Mahona na Mama Minza, waliokubali kuketi leo mstari wa mbele pamoja na wafiwa.

Marcelo amekwisha maliza kazi yake. Bwana na ampokee na kumstarehesha.

Wengi wameuliza alimwambia nini mkewe asubuhi ile ya mwisho. Alimwambia mkewe. Hapa hayatasemwa, na nyumbani yasiulizwe.